Mimi Mbegu, Bi Pindo Mti

Jumatatu, 4 Machi

Nimejiteua. Kuanzia leo mimi ni Mkurugenzi wa Majukwaa wa darasa la ushonaji la mke wangu. Nimemwarifu akiwa anapiga pasi kola. Hakuinua kichwa. Nimechukulia kuwa ni ndiyo.

Hali ni ya kutisha, ingawa naiona peke yangu. Mke wangu anafundisha kushona kupitia kundi la simu. Wanachama wanatoa ada, wanatuma picha za mikono iliyopinda na zipu zilizogoma, naye anawajibu kwa sauti huku cherehani ikilia nyuma. Basi! Hakuna milango, hakuna vyumba, hakuna vyeo. Picha ya suruali ya mtu inafuatwa na lundo la salamu za asubuhi, halafu shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, anatuma ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri. Siku moja watu watachoka waondoke. Wakiondoka tumekwisha, maana ofisi yetu ilifungwa na mshahara wangu ukafungwa nayo. Nyumba hii sasa inakula kwa darasa lile.

Nimevuka barabara kwenda kwa Fundi Simu kumuulizia majukwaa ya mtandaoni. Kosa. Alikuwa ameinamia kioo kilichopasuka, bisibisi mdomoni, akasema kuku akishaatamia usimhamishe. Huyu naye ni mwanachama! Alijiunga ajifunze kushona vifuko vya simu, sasa amekuwa mshauri wa familia.

Mke wangu amenipa mpaka Jumapili ya wiki ijayo. Watu wakihama wakatulia, sawa. Wakitawanyika, tunarudi kwenye kundi la simu na mimi nisiliguse tena. Kasema kwa upole. Upole wake ndio unaonitia hofu.

Jumanne, 5 Machi

Utafiti. Nimekaa mezani tangu chai ya asubuhi. Kucha za mkono wa kushoto zimekwisha.

Jukwaa la kwanza nimelipa jina Kasri. Zuri mno, hata kulikanyaga unaona haya. Linataka mwenyeji ajirekodi video ya kukaribisha wageni. Nimejirekodi mara nyingi. Kila mara natokea kama mtu anayeripoti kuibiwa baiskeli. Kasri nimeifuta.

La pili, Kituo cha Polisi. Maswali tu. Wewe ni nani? Lengo lako ni nini? Wanachama wako wanaumia wapi? Nikajibu mabegani, kwa sababu ya kuinamia cherehani. Likasema jibu ni fupi mno. Kisha nenosiri: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, alama. Nikatunga zuri, nikalisahau papo hapo. Nikatunga jingine. Likasema hili linafanana mno na lile la kwanza. Na mimi la kwanza silijui! Nimefungiwa nje ya kituo ambacho sikuwahi kuingia.

La tatu, Bustani. Rangi ya kijani, inatuliza. Wiki mbili bure. Kila mwanachama anaanza akiwa Mbegu. Akichangia anakuwa Mche, na mwisho Mti. Mtambo unapandisha vyeo wenyewe, hakuna upendeleo. Nimesoma maoni ya watumiaji wote wawili. Mmoja kalisifu. Wa pili alikuwa anatafuta mbolea. Nimechagua Bustani.

Mke wangu kauliza kama atahitaji kubofya kitu. Nikamwambia mara sita tu. Akarudi kwenye cherehani.

Alhamisi, 7 Machi

Bustani iko tayari. Nimejenga vyumba kumi na vinane. Chumba cha Kola, Chumba cha Mikono, Chumba cha Zipu, Chumba cha Vifungo Vikubwa, Chumba cha Vifungo Vidogo. Vyote vitupu. Nimepita kimoja kimoja na moyo ukawa unanidunda kama nimeingia nyumba ya watu. Mwongozo wa jukwaa unasema nyumba tupu hufukuza wageni. Na wageni wanaingia kesho!

Nimepata dawa. Nimemzaa Bi Pindo.

Mama wa makamo, mshona mapazia, mwenye subira. Atakuwa mwanachama wa kwanza na atawapokea wenzake. Tatizo ni moja: mimi sijui kushona, kwa hiyo naye hajui. Nimeamua awe anauliza. Atasalimu, ataulizia kazi za watu, atashukuru. Kuhusu picha ya kazi yake, nimepiga picha aproni ya mke wangu inayoning'inia kwenye msumari uliopinda jikoni. Nani ataitambua? Aproni ni aproni.

Huu si uongo. Ni samani. Madukani wanasimamisha sanamu zilizovaa suti, na sijasikia mtu aliyekwenda kuzishtaki.

Ijumaa, 8 Machi

Wamekuja! Si wote. Nusu hivi. Waliobaki wanasema watakuja wakishapika, na wanapika tangu asubuhi.

Tafrani ya kwanza, Shemeji. Kaingia, kaona chini ya picha yake pameandikwa Mbegu. Akanipigia. Akaniuliza kama najua ameshona sare za shule za watoto wangapi, na kama kweli mtu aliyekula chumvi nyingi kama yeye anaitwa mbegu na mtu ambaye siku ya kuja kuposa alikuwa anatoka jasho mbele yake. Nikamweleza kwamba ni mtambo. Akasema mtambo hauna adabu kwa sababu aliyeuwasha hana.

Tafrani ya pili, vyumba. Kila mtu kaingia chumba chake. Mwalimu Mstaafu, mwanafunzi wetu mzee kuliko wote, kakaa Chumba cha Zipu akiandika hodi. Kimya. Hodi wenyewe. Kimya. Katika Chumba cha Kola kulikuwa na mwingine anaandika hodi vile vile. Nikatoa tangazo rasmi lenye vifungu, Utaratibu wa Matumizi ya Vyumba. Hakuna aliyelifungua.

Ikabidi nimtume Bi Pindo. Akamwendea Mwalimu, akamwambia karibu baba, leo unashona nini? Mwalimu akaeleza zipu ya begi la mjukuu wake kwa aya nne. Bi Pindo akauliza kama zipu inaanza kushonwa juu au chini. Swali la kijinga, nilikosa la kuuliza. Mwalimu alifurahi mno! Akatuma picha, mke wangu akamjibu kwa sauti, wengine wakasikia wakaja. Ilipofika alasiri watu wote walikuwa wamejazana Chumba cha Zipu, wanacheka. Bi Pindo akamwomba radhi hata Shemeji kwa jambo lile la mbegu, akamuulizia hizo sare. Shemeji akasema hatimaye humu ndani kuna mtu.

Vyumba vingine vyote nimewaachia buibui.

Jumamosi, 9 Machi

Bi Pindo amekuwa Mche. Mtambo ukamwagia majani ya kijani na wanachama wakampongeza. Mimi bado Mbegu! Mimi mwanzilishi! Siku nzima nimo ndani kwa jina lake, kwa hiyo jasho ni langu na majani ni ya kwake.

Nimefanya jaribio la kisayansi. Kwa jina langu nimeandika kwamba wanachama wanaombwa kupiga picha zenye mwanga. Hakuna aliyejibu. Baadaye Bi Pindo kaandika, jamani macho yangu mabovu, naomba mnisogezee kazi zenu dirishani nizione. Picha zikamiminika. Nyingine zilikuwa na mapazia yamefunguliwa, jirani anachungulia.

Nimemuuliza mke wangu anamwonaje huyu Bi Pindo. Kasema ni mtu mzuri, anasikiliza. Kisha kanitazama kidogo, akaendelea kutia uzi kwenye sindano. Nimekosa raha hadi sasa.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi Bi Pindo kawa Mti. Mimi bado Mbegu.

Mchana, jambo kubwa. Nilikuwa sebuleni na simu, mke wangu chumba cha kushonea na simu yake, mlango katikati. Bi Pindo akapokea ujumbe wa faragha. Kutoka kwa mke wangu!

Nilitaka nisiusome. Nikausoma. Kamwandikia Bi Pindo kwamba samahani kumsumbua, ila hana wa kumwambia. Kwamba ofisi ya mume wake ilifungwa, na tangu siku ile anashika kila kitu ili mawazo yasimshike yeye. Kwamba anaogopa. Darasa ndilo linalowalisha, watu wameanza kuchoka na vitufe, na akimwambia mume wake usoni hasikii, anasikia kwamba hana kazi. Kwamba yeye wala hahitaji mkurugenzi. Anachotaka ni mtu wa kumshikia kitambaa akikata, maana kitambaa kirefu kinateleza mezani na mikono yake ni miwili.

Nikasimama, nikakaa. Nilisikia cherehani imenyamaza upande wa pili, nikajua anangoja jibu.

Bi Pindo akajibu kwamba mume mwenye juhudi kama huyo ni lulu, avumiliwe. Jibu likarudi upesi. Lulu gani hiyo inayobadilisha nenosiri la nyumba nzima kabla ya chai?

Bi Pindo akaaga, akasema ana mapazia ya watu.

Jumanne, 12 Machi

Msiba. Msiba mtupu.

Nusu ya wanachama bado wako kwenye kundi la simu. Nikaona Bustani ina kitufe kinachoitwa Kumbusha Wote. Nikabonyeza. Nilidhani kitawakumbusha mara moja, kama mtu anavyomgusa mwenzake begani. Kumbe kinakumbusha kila robo saa, kwa mlio wa kengele na sauti ya mwanamke. Na kinakumbusha hata waliokwisha kuhamia.

Mwalimu Mstaafu alikuwa mazishini, anamsindikiza mwalimu mwenzake wa zamani. Kaburi likiwa wazi na watu wameinamisha vichwa, mfuko wake ukapaza sauti: Bustani inakungoja!

Wameanza kuondoka. Mmoja, wawili, kisha kundi. Wengine wanajitoa Bustani na wanajitoa hata kwenye kundi la simu, kwa usalama. Nilihaha kutafuta namna ya kukizima, nikabonyeza kila kitu, nikabadilisha rangi ya jukwaa kuwa zambarau. Mwisho nikavuka barabara mbio na viatu viwili tofauti. Fundi Simu akachukua simu yangu, akagusa mara moja, akanirudishia. Wala hakuitoa bisibisi mdomoni.

Nyumbani mke wangu alikuwa anaandikia waliojitoa, mmoja mmoja, anawaomba radhi. Hakunigombeza. Kila ujumbe aliufuta akauandika upya. Hapo niliogopa kweli, si kwa ajili ya ukurugenzi, kwa ajili yetu.

Halafu Shemeji akaleta hoja Chumba cha Zipu. Kwamba Bi Pindo awe mlezi wa jumuiya, na mwenye mitambo apumzike. Wote wakaunga mkono. Fundi Simu akaunga mkono mara mbili, moja ameifuta kwa aibu. Mke wangu pia kaweka dole gumba. Nimepinduliwa na samani yangu mwenyewe!

Bi Pindo lazima aondoke.

Jumatano, 13 Machi

Sina moyo wa kumuua. Nimemtia ugonjwa. Nimeandika kwa jina lake kwamba ameshikwa na homa, anahitaji kupumzika mbali na simu, kwaherini wapenzi. Mpango safi. Angesahaulika taratibu, na mimi ningepanda hadi Mche kwa amani.

Nilisahau watu wetu ni watu gani. Huwezi kuugua mbele yao ukaachwa. Kalala wapi? Nani anampikia? Ana mtu ndani? Shemeji kaunda msafara wa kwenda kumjulia hali, yeye na mke wangu, Ijumaa. Mwalimu Mstaafu katoa shuka. Bi Pindo akaandika kwamba hahitaji wageni. Wakasema hivyo ndivyo asemavyo mgonjwa aliyetelekezwa, sasa ndiyo watakwenda hasa. Bi Pindo akasema anakaa mbali sana, akataja mtaa wa mwisho ninaoujua. Mwalimu akajibu kwamba amewahi kufundisha huko, anamjua kila mtu, anaomba namba ya nyumba.

Nimezima simu. Nimeiwasha. Nimeizima.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimechimba cha vyumba kumi na vinane.

Kitu kimoja kimenishangaza. Mke wangu pia kamwandikia Bi Pindo faraghani, lakini hakuuliza anwani. Kasema tu pole kwa homa, na kwamba mume wake naye leo hajala.

Ijumaa, 15 Machi

Sitaisahau siku hii.

Asubuhi mke wangu kajaza chupa ya chai, kafunga mkate kwenye kitambaa, kavaa viatu vya kutokea na mtandio mzuri. Kaniambia anakwenda kumwona Bi Pindo kabla dada yake hajafika. Nikamuuliza anajuaje njia. Kasema atauliza. Nilikuwa natokwa na jasho mpaka kwenye magoti.

Akatoka sebuleni. Sikusikia mlango wa nje. Nikasikia anabisha jikoni. Jikoni kwetu! Hodi, akasema. Hodi, Bi Pindo.

Nikaenda. Alikuwa amesimama chini ya ile aproni. Kaniwekea kigoda. Kanimiminia chai, kanipa mkate, kaniambia pole kwa kuumwa.

Nikamuuliza tangu lini. Kasema tangu picha ya kwanza. Msumari ule uliopinda aliupigilia yeye mwenyewe, na mfuko wa aproni aliushona kwa uzi wa buluu siku mweupe ulipokwisha. Anaujua mshono wake kama mtu anavyoijua sauti ya mwanawe. Basi ule ujumbe wa faragha? Kasema aliniandikia mimi. Aliona kwamba Bi Pindo anasikia, akaona afadhali apitie kwake.

Nililia. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna asomaye. Chai ikawa na chumvi.

Shemeji alipofika na shuka za Mwalimu kwapani, mke wangu kasema ni juu yangu kueleza. Nikaeleza. Shemeji kacheka mpaka kakaa chini sakafuni. Kasema alishangaa siku zote ni nani huyu mwenye adabu. Kisha kaninyang'anya simu akawarekodia wote ujumbe wa sauti, mrefu kama kawaida yake, na kicheko chake ndicho kilichowaponya watu kuliko maelezo yangu.

Alasiri nilimshikia mke wangu kitambaa. Alikata gauni refu la mteja, mkasi ukipita karibu na vidole vyangu. Kwa mara ya kwanza tangu ofisi ifungwe sikuuwaza mshahara. Niliapa kimoyomoyo kuachana na majukwaa.

Jumapili, 17 Machi

Siku ya mwisho ya muda niliopewa. Tumerudi kwenye kundi la simu. Mke wangu katuma salamu kwa sauti, cherehani ikilia nyuma, na waliojitoa wamerudi karibu wote. Salamu za asubuhi zimeanza upya. Kelele tupu. Mke wangu anatabasamu, na mimi nilitabasamu, mpaka saa ya chakula cha mchana.

Maana mchana wakapiga kura ya mlezi. Wagombea wawili: mimi, na Bi Pindo. Wanajua kabisa Bi Pindo ni mimi! Nimewakumbusha! Mwalimu Mstaafu kasema analijua hilo, lakini Bi Pindo ana tabia nzuri zaidi. Kashinda kwa kishindo. Fundi Simu kaniandikia hongera, kisha kaandika samahani, alikuwa anampongeza Bi Pindo. Yaani wamenipa kazi kwa sharti nisiwe mimi!

Mke wangu kasema ni heshima kubwa, nianze kwa kuwauliza watu wanashona nini wiki hii. Heshima gani? Mti umemwondoa aliyeupanda!

Nimekaa nikatafakari kwa utulivu mambo yote yaliyotokea, nipate funzo. Nimelipata. Kosa langu lilikuwa msumari. Ukuta wa jikoni kila mtu wa nyumbani anaujua. Picha ilipaswa kupigwa pengine, ukuta wa kwa Fundi Simu kwa mfano, ni mweupe na hauna msumari.

Na nimeona jukwaa jipya. La rangi ya chungwa. Mwezi mzima bure. Halina mbegu wala miti, lina ngazi, na mwenyeji anaanzia juu. Namfikiria Bwana Kifungo, mzee mtaratibu, mpinzani hodari wa Bi Pindo katika uchaguzi ujao.

Mke wangu ananiita nikamshikie kitambaa. Nimemwambia naja, natunga nenosiri.